Figa la Chuma

Nyuma ya mikoko, kusini kidogo ya mji wa Kilwa Kivinje, kuna uwanda mweupe usioota kitu. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, huufikia na kurudi. Jua hukausha kilichobaki, na kinachobaki ni chumvi. Mchana, joto likizidi, uwanda huo huchezea watu macho. Unaona ziwa pasipo na tone la maji. Unamwona mtu anakuja kwa mbali, na miguu yake haigusi chini. Wenyeji huyaita hayo mazigazi, na wameshayazoea.

Kazija aliupenda uwanda huo. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye mikono ya kazi na kichwa cha ndoto. Aliweza kukwangua udongo wa chumvi asubuhi nzima huku akili yake iko safarini. Alimwona mumewe, Yahya, akirudi kutoka Njinjo na mzigo wa mtama aliobadilishana na chumvi yao. Alimwona mtoto ambaye hata mimba yake haijaingia. Alimchagulia jina, akalikataa, akamchagulia jingine.

"We Kazija!" mavyaa wake alizoea kuita. "Umelala macho wazi tena?"

"Siyo mama, niko kazini."

"Uko kazini wapi? Jembe lako limesimama tangu jogoo awike."

Mavyaa ni mama wa mume. Huyu aliitwa Bi Siti, na maneno yake yalikuwa makali kuliko chumvi yake. Lakini tusimlaumu haraka. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu vita vya Maji Maji viishe, na Wadachi, yaani Wajerumani, bado walikuwa wakitawala. Mume wa Bi Siti alikwenda vitani na gobori lake. Aliambiwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Hazikugeuka. Baada ya vita ikaja njaa, na Bi Siti akauza kila kitu cha nyumba, hata mlango. Kitu kimoja tu hakukiuza: sufuria yake kubwa ya kuchemshia chumvi. Sufuria hiyo ndiyo iliyowalisha wote watatu, yeye, mwanawe na Kazija.

Kazi ya chumvi haina siri. Unakwangua udongo wenye chumvi, unautia kwenye kapu, unamwagia maji ya bahari. Maji makali yanachuruzika chini. Unayachemsha mpaka yakauke, na chumvi inabaki. Udongo uliochujwa unautupa pembeni, na baada ya miaka mingi unakuwa kilima kirefu kuliko mtu.

Shida ilikuwa mafiga. Sufuria kubwa hukaa juu ya mafiga matatu, na pale uwandani hakuna mawe. Mawe ya karibu ni matumbawe ya pwani, na jiwe la tumbawe likikaa motoni siku nyingi hupasuka na kuwa chokaa. Kila mwezi walipasukiwa na figa, na kila mwezi Kazija alitembea hadi pwani kuleta jingine kichwani. Siku moja likapasuka jingine, na chumvi nusu sufuria ikamwagika majivuni. Bi Siti alilia kwa hasira.

Kesho yake asubuhi Kazija alikuwa anakwangua mahali papya, karibu na mikoko. Jembe likagonga kitu. Ng'! Akafukua. Kikatoka kipande cha chuma, cha mviringo, kirefu kama mkono wake kutoka kiwiko hadi vidoleni, kinene kama paja la mtoto. Upande mmoja kilikuwa bapa. Upande wa pili kilichongoka, na pale kwenye ncha kulikuwa na kichwa cha shaba, kimegeuka kijani kwa chumvi. Jembe lilikuwa limebandua kifuniko chembamba cha shaba hiyo. Kazija alikiokota, akakisugua kwa mchanga, kikang'aa. Akakitia uzi, akakivaa shingoni. Alijiona bibi harusi.

Kile chuma akakifunga kwenye kaniki yake, akakitwika kichwani, akaenda nacho kwa mavyaa wake huku anaimba.

"Mama, nimepata figa lisilopasuka!"

Bi Siti alilizunguka lile figa, akaliinamia, akaguna.

"Hili ni kombora," alisema. "Mwaka Wadachi walipokuja na manowari zao kuuteka mji, mizinga ilipiga kutwa. Makombora mengine yalipita juu ya nyumba yakaangukia huku matopeni. Nilikuwa mwanamwali. Niliyasikia kwa masikio yangu haya."

Kazija akarudi nyuma hatua mbili. "Basi nilirudishe?"

"Ulirudishe kwa nini? Limelala majini miaka karibu ishirini. Marehemu baba yake Yahya alikuwa na gobori. Baruti yake ikipata umande tu, hata panya haimshtui. Baruti ikilowa imekufa, mwanangu. Hiki sasa ni chuma kama jembe. Lete hapa."

Maneno yale yalikuwa na mantiki. Kila mwenye gobori katika nchi ile aliyajua. Wakalisimamisha lile kombora kwenye shimo dogo, upande bapa chini, wakakandika udongo mpaka likasimama imara. Wakatua sufuria juu ya mafiga matatu, mawili ya jiwe na moja la chuma. Sufuria ilikaa sawasawa, haitikisiki. Bi Siti alitabasamu, na kwa Bi Siti jambo hilo halikutokea kila siku.

"Nenda kwa wakata boriti ukaombe kuni," alimwambia Kazija. "Mimi nikishaswali adhuhuri nitawasha moto kwa hizi zilizopo. Na usilale njiani!"

Kazija akaenda. Jua lilikuwa utosini. Uwanda wote ulikuwa unatetemeka, na mikoko ya mbele yake ilielea juu ya maji yasiyokuwapo. Alitembea polepole, kifuniko cha shaba kinamgonga kifuani, tik, tik. Alikuwa anafikiria chumvi nyingi, na figa lisilopasuka maisha yake yote, na Yahya atakavyocheka akiliona.

Wakata boriti walikuwa wamekwenda na mashua kupeleka miti. Alikuwa amebaki mmoja tu, Likwata, anachonga gogo. Likwata alikuwa mtu wa Njinjo, mkimya, mwenye mkono wa kushoto uliobaki na vidole viwili. Bi Siti hakuwahi kumsalimia hata siku moja. Wakati wa vita, Likwata alikuwa mpagazi wa Wadachi. Alibeba masanduku ya mzinga.

"Shikamoo, baba Likwata."

"Marahaba, binti. Kuni zipo, chukua..." Shoka likabaki hewani. "Hicho shingoni umekitoa wapi?"

Kazija akakishika kifuniko chake. "Nimekiokota. Kizuri, siyo?"

"Nakuuliza umekitoa wapi."

"Kwenye chuma. Kombora la zamani. Tumelifanya figa."

Likwata aliliweka shoka chini taratibu, kana kwamba nalo lingelipuka.

"Lilikuwa na kichwa cha shaba?"

"Ndiyo."

"Nani alilibeba?"

"Mimi. Kichwani."

"Kichwani!"

"Na nilikuwa naimba," Kazija alisema, na sauti yake ikaanza kupungua.

"Moto umewashwa?"

Kazija alitazama kivuli chake. Kilikuwa kimeanza kulalia upande wa mashariki. Adhuhuri ilikwisha kupita.

"Lakini baruti yake imelowa," alisema haraka haraka. "Mama amesema imekufa!"

"Ya gobori hufa. Hii siyo ya gobori. Twende! Nitakwambia njiani."

Wakakimbia. Umewahi kukimbia ndotoni, miguu inakwenda na wewe husogei? Ndivyo ulivyo uwanda ule saa saba mchana. Kilima cha udongo uliochujwa kilionekana kiko karibu, kisha kikaruka mbali, kisha kikagawanyika kuwa viwili. Na juu yake, mwembamba kama uzi, ulikuwa unapanda moshi.

Kazija aliuona moshi ule, akaongeza mbio.

"Sikiliza," Likwata alisema huku anahema. "Ukifika usiguse kuni. Usilisogeze lile kombora. Usimwage maji. Usiiokoe sufuria. Mchukue mtu, basi. Umenielewa? Mtu peke yake. Halafu mje nyuma ya kilima cha udongo mlale chini."

"Na wewe?"

"Mimi nikifika atabishana na mimi. Akiniona mimi anaona mzinga."

Hata hivyo alijaribu. Alisimama karibu na kilima, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti. Uwandani sauti husafiri mbali.

"Bi Siti! Ondoka motoni! Lile kombora ni zima!"

Bi Siti alikuwa amechuchumaa, anasukuma kuni ndani. Aligeuza shingo, akamwona anayeita. Akamgeuzia mgongo.

"Bi Siti! Litalipuka!"

"Waambie Wadachi wako!" Bi Siti alijibu. Kisha, labda woga ulimgusa kidogo, akainuka akashika mtungi wa maji. "Kama lina moto, nalizima sasa hivi! Baruti na maji, nani asiyejua?"

Kazija hakusubiri tena. Alikimbia kiasi kwamba kaniki yake ilibaki njiani, akabaki na nguo ya ndani tu. Alifika. Moto ulikuwa unalamba lile figa la chuma, na ile shaba ya kijani iliyo chini ya kitako cha sufuria ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

"Mama, twende!"

"Niache nimwage maji."

"Mama, usimwage, twende!"

"Na sufuria yangu? Niache sufuria kwa sababu ya maneno ya mpagazi?"

Sasa elewa jambo hili. Katika nyumba ya watu wenye adabu, mke wa mwana hamwinulii sauti mavyaa wake. Hamshiki mkono bila kuitwa. Kazija alikuwa hajawahi hata kumkatiza maneno. Lakini akili yake, iliyozoea kuwa safarini, leo ilikuwa pale pale ilipo. Alimpokonya mtungi akautupa. Akageuka, akainama, akavuta mikono ya mwanamke yule juu ya mabega yake, akamnyanyua mgongoni kama gunia la chumvi.

"Wewe mtoto! Una wazimu! Niteremshe!"

"Nitukane tu, mama."

"Sufuria yangu! Kazija! Sufuria!"

Bi Siti alimpiga ngumi za mabega, na Kazija akakimbia. Kila hatua ilizama kidogo matopeni. Kilima hakikutaka kufika. Nusu ya njia Likwata alikuja mbio, akashika miguu ya Bi Siti, wakambeba wawili, wakamzungusha nyuma ya kilima na kujitupa chini wote watatu.

Kukawa kimya.

Waliusikia moto ukitatarika kwa mbali. Waliwasikia kaa wadogo wakijikuna mashimoni mwao. Upepo ulipita, ukaleta harufu ya chumvi inayoanza kuiva.

"Chumvi yangu inaungua," Bi Siti alisema.

"Iache iungue," alisema Likwata.

"Hakuna kilicholipuka."

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka moto uzime wenyewe, na hata ukizima hatuendi. Laleni kifudifudi."

Bi Siti akalala, lakini hakunyamaza. Alitazama udongo mbele ya pua yake, akasema polepole, "Wewe ulibeba mzinga uliomuua mume wangu."

Likwata aligeuza uso kumtazama.

"Huenda," alisema. "Nilifungwa kamba shingoni na wenzangu, tukatembezwa. Lakini mzigo niliubeba mimi, Bi Siti. Sitasema aliubeba mwingine."

Kazija alikuwa katikati yao, uso kwenye udongo wenye ubaridi. Alihisi yuko ndotoni, na watu wawili wanazungumza juu ya kichwa chake toka nchi mbili za mbali.

"Ndiyo maana nayajua haya makombora," Likwata aliendelea. "Kombora lina tumbo na kichwa. Chuma ni tumbo, limejaa baruti. Shaba ni kichwa, na kichwa ndicho kiwashio. Ndani yake mna chembe ya dawa ya moto, haizidi punje ya mtama. Hiyo haingoji kibiriti. Ukiigonga inawaka. Ukiisugua inawaka. Ikipata joto inawaka."

"Na maji?" Bi Siti aliuliza.

"Maji yataingia wapi? Kichwa kimefungwa kwa hesi, yaani kwa kukizungusha mpaka kibane, shaba juu ya shaba. Kinaweza kukaa matopeni miaka na ndani kikavu kama unga. Na miaka haikitulizi. Kinazeeka na hasira zake. Leo utakiangusha kisilipuke, kesho utakigusa kwa ukucha kikalipuka."

Kazija aliinua uso. "Na kama kichwa kiko peke yake, hakina chuma?"

"Hicho ndicho kinachowaponza watu." Likwata akatoa mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya udongo waone. "Tulikuwa wapagazi wawili, mimi na Pazi. Siku moja Pazi aliokota kichwa cha shaba njiani. Kidogo, kama kikombe cha kahawa. Umbo lake kama pia wanayochezea watoto, pana juu, chini kina hesi. Ubavuni kina vitobo viwili, na pete yenye alama na tarakimu. Alisema, hiki hakina chuma, hakina baruti, nitamfulia binti yangu njuga za miguuni. Akanambia nikishike juu ya jiwe, yeye agonge. Nikashika."

"Ikawaje?"

"Mimi vidole vyangu mnaviona. Pazi hakuusikia hata mlio."

Bi Siti aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Alifungua kinywa aseme kitu.

Ardhi ikaruka. Mlio haukuingia masikioni tu, uliingia tumboni. Juu ya kilima kitu kilipita kikivuma, kisha kingine, kisha udongo na majivu yakaanza kunyesha juu ya migongo yao. Ndege wote wa mikokoni walipaa pamoja. Kazija alijikuta amemlalia mavyaa wake, amemfunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Kisha kimya kikarudi, kizito kuliko cha kwanza.

"Mko wazima?" Likwata aliuliza.

"Mzima," alisema Kazija.

Kazija alimgeuza Bi Siti, akamfuta majivu usoni, akamkagua mikono na miguu kama mtoto mchanga. Hakuwa na jeraha.

"Nilikuwa nimeushika mtungi," Bi Siti alisema. "Kazija, nilikuwa nimeushika mkononi. Ningemwaga maji." Akaanza kulia. "Mume wangu aliambiwa maji yatamwokoa. Na mimi ningekufa hivyo hivyo, na maji mkononi."

Kazija akamkumbatia, wakalia pamoja. Likwata alitazama pembeni.

Bi Siti alipotaka kwenda kuitafuta sufuria, Likwata alimzuia. "Leo haendi mtu pale. Vipande vimetapakaa, na hatujui kilicholipuka na kisicholipuka. Nitakwenda kwa akida, akida apeleke habari bomani. Wana mtu wao anayejua mambo ya mizinga."

Siku hizi hakuna akida wala boma, tuna mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi. Lakini kazi ni ile ile. Anayekwenda pale ni anayejua, na wewe usiyejua unakaa mbali na kutoa taarifa. Makombora ya vita bado yamo ardhini katika nchi nyingi, na hayajui kwamba vita vimekwisha.

Kesho yake alasiri askari mmoja wa bomani, mtu wa mizinga, alikuja akaupekua uwanda. Alikuta shimo mahali pa moto. Sufuria aliikuta mbali, imechanika kama kitambaa. Askari alikichukua kifuniko cha Kazija akakikagua, akasema hicho hakina kitu, lakini Kazija angekuta kingine chenye kitu asingekuwa hai kukivaa. Kazija hakukitaka tena.

Walipata shida mwaka ule, usidanganyike. Waliazima vyungu, wakachemsha chumvi kidogo kidogo. Yahya aliporudi alisikia habari zote. Kisha akaenda msituni akaleta udongo wa kichuguu. Likwata alikuwa amewaambia kwamba kwao Njinjo wapishi hufinyanga mafiga kwa udongo huo. Walifinyanga matatu, wakayakausha, wakayachoma. Hayakupasuka. Msimu ulipokwisha, wachumvi wote wa uwanda ule walikuwa na mafiga ya kichuguu, na hakuna aliyetafuta tena chuma matopeni. Bi Siti akapata sufuria nyingine, ndogo kuliko ya kwanza.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi moja, Kazija alikuwa anakwangua chumvi na akili yake iko safarini kama kawaida. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minne, na majina yalikuwa mengi kichwani. Akashtuka. Kulikuwa na ukimya usio wa kawaida. Bi Siti hakuwa amemkaripia tangu alfajiri.

Akageuka. Mavyaa wake alikuwa amesimama wima, jembe mkononi, hatikisiki. Mazigazi yalikuwa yamemzunguka miguu, akaonekana amesimama juu ya maji.

"Mama?"

"Usije," Bi Siti alisema bila kupaza sauti. "Baki hapo hapo. Nimeona shaba."

"Ina chuma?"

"Haina. Iko peke yake. Kama kikombe. Nimeiona pete."

Bi Siti aliliweka jembe chini pole pole. Akageuka, akarudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwa Kazija. Hapo ndipo alipovuta pumzi. Wakarudi nyuma zaidi, hatua mia na ushei. Bi Siti alichana upindo wa kaniki yake vipande vinne, wakavifunga kwenye fito, wakazichomeka kuzunguka mahali pale kwa mbali.

"Nenda kwa Likwata," alisema. "Mwambie namwomba aende kwa akida. Mimi nakaa hapa."

"Juani, mama?"

"Juani. Nikiondoka atapita mwanamke na jembe lake. Nenda."

Alikaa. Walipita wachumvi wawili, akawafukuza. Alipita mtu wa boriti aliyetaka kuona tu, akamwambia akaone kwao. Saa sita akida alifika na punda wake, pamoja na Likwata. Alikuwa mtu wa kilemba na fimbo, hakuzoea kungoja.

"Kiko wapi hicho?" akida aliuliza. "Nipishe, mama, nikigeuze kwa fimbo nione kama ni chenyewe."

"Sikupishi."

"Unajua unasema na nani?"

"Nasema na mtu mwenye macho mawili na mikono miwili," alisema Bi Siti. "Nataka aende nayo nyumbani. Kaa chini, bwana akida. Punda wako ana akili, amekwisha kukaa nyuma yako."

Likwata aliinamisha kichwa asionekane anacheka. Akida alikasirika, akatazama fito, akatazama mkono wa Likwata wenye vidole viwili. Kisha akakaa.

Askari wa mizinga alifika alasiri. Hakuishika ile shaba, wala hakuigeuza. Aliweka kifurushi chake cha baruti pembeni ya shaba, akatandaza utambi mrefu, akawapeleka wote nyuma ya kilima. Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu aliyepigilia ubao. Akida alicheka. "Kwa hicho tu mmenikalisha juani?"

Askari alipokwisha kupakagua na kuruhusu, walikwenda. Palikuwa na shimo la ukubwa wa bakuli. Kwenye ufito wa karibu, mbali vile, kijipande cha shaba kilikuwa kimezama ndani ya mti. Akida aliacha kucheka.

Bi Siti alipiga magoti. Alitia mkono wake ndani ya lile shimo, ukaenea wote, kiganja na vidole, mpaka kifundo. Wachumvi walikuwa wamejaa nyuma yake.

"Mkono mmoja," alisema. "Ungebaki hapa. Sijui wa nani. Labda wangu mimi." Akautoa, akaukung'uta udongo, akawatazama wote mmoja mmoja, na Likwata mwisho. "Haya, huu bado una kazi. Nani ana jembe?"